Jozi ya Sitini na Moja

Butembo, 4 Machi 2002

Kwa Mpimaji wa 3 na Mpimaji wa 7,

Orodha zenu zimefika, asante. Wa 7, za kwako zimefika na matope yote ya barabara ya Oicha, lakini zinasomeka.

Nawakumbusha kazi, maana naona bado mnapima kama walimu wanaosahihisha mtihani. Wale wa chuo kikuu huko Ulaya wanaifundisha kompyuta ijue neno gani ni jirani wa neno gani kwa maana. Mashine imesoma Biblia yetu na vitabu vya shule, ikahesabu maneno yanayokaa pamoja, lakini kusoma si kuelewa. Donc, basi, sisi watu tunaipa alama. Sifuri: maneno hayajuani kabisa. Kumi: ni ndugu wa tumbo moja. Panga na kisu, nane. Panga na wingu, sifuri. Jozi nyingine mashine inazichanganya ovyo, makusudi, ili ijue kama mpimaji amesinzia.

Sasa, jozi ya 14, mgomba na maiti. Mashine ilitoa sifuri, ninyi wote wawili mmetoa tisa. Wakubwa wa Ulaya wananiuliza kama huku tunapima tukiwa tumelewa. Wa 3, nisaidie kuwajibu.

Halafu kuna jozi mbili ambazo mmeachana mbali mno. Ya 61, chumvi na kaburi: wa 3 sifuri, wa 7 tisa. Ya 88, kisasi na usingizi: wa 3 tisa, wa 7 moja. Sheria mnaijua: mkiachana zaidi ya tano, mnaandikiana mpaka mpatane, kisha mnaniletea alama moja. Hamjuani, na ni vizuri hivyo. Mtatumia namba tu, mtu asije akampendelea shemeji yake. Barua zipitie kwangu. Sizifungui, nina kazi ya kutosha.

Edmond,
Bureau ya Maneno

*

Butembo, 9 Machi 2002

Bwana Edmond,

Waambie wakubwa wako hatulewi. Mtu wa kwetu akipotea na maiti yake haikuonekana, familia inakata shina la mgomba, inalivika nguo zake, inalilaza kaburini, watu wanalia na kurudisha udongo. Bila hivyo marehemu hana pa kukaa, na walio hai pia hawana. Mashine yao isome hayo katika kitabu gani?

Mimi nilizika mgomba Oktoba 1999, umevaa koti la Jumapili la kaka yangu Delphin. Alitoka hapa na baiskeli yenye mfuko wa chumvi, anapeleka Oicha. Mara ya mwisho alionekana Mbau. Wafanyabiashara wenzake walisema mtu alimnyooshea kidole mbele ya askari. Nani, hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kujua. Tangu siku hiyo mama hajaonja chumvi. Anasema hataonja mpaka mifupa ya mwanawe irudi. Tunampikia sombe lake, majani ya muhogo, pembeni, chapwa kabisa, na miaka miwili na nusu imepita.

Kwa hiyo jozi ya 88 sishuki hata nukta. Siku nitakapomjua mwenye kidole kile, na yeye akalipa, ndipo nitakapolala. Tisa ni ndogo. Huyo wa 7 aliyeandika moja, inaonekana hajawahi kuchokozwa na mtu.

Kavira (wa 3)

*

Oicha, 21 Machi 2002

Kwa Mpimaji wa 3,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini u mzima na nyumba yako yote.

Kuhusu chumvi na kaburi: huku kwetu ni desturi kutia chumvi kidogo kaburini, kwa heshima ya marehemu. Ndiyo maana nilitoa tisa. Kuhusu kisasi na usingizi sina maelezo mengi. Niliandika nilichokijua.

Ukipenda, andika tisa katika ya kwanza, nami nitakufuata katika ya pili. Tusimchoshe Bwana Edmond.

Mpimaji wa 7

*

Butembo, 2 Aprili 2002

Kwa Mpimaji wa 7,

Wasingya, asante kwa salamu. Ila desturi hiyo umeipika juzi, na haijaiva.

Mimi ni Munande, kabila la hapa hapa, mzaliwa wa Kipese. Nimezika babu, bibi, shangazi wawili na majirani nisioweza kuwahesabu. Shemeji zangu wa Oicha nimewauliza pia. Chumvi kaburini? Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Chumvi ni ya mboga.

Mtu anayebahatisha anaandika tatu, anaandika nne. Tisa haiji kwa bahati. Umeona nini, ndugu? Niambie ukweli, au nimwandikie Edmond kwamba wa 7 anapima akiwa usingizini, na hiyo posho ya sabuni unayopata kila mwezi iende kwa mwingine.

Mpimaji wa 3

*

Oicha, 15 Aprili 2002

Kwa Mpimaji wa 3,

Umenikamata. Nisamehe kwa ile desturi.

Nina shamba upande wa Mbau, nilikokaa kabla ya kuhamia hapa. Katika shamba hilo kuna mahali ambapo mbuzi wa kijiji huja kulamba udongo. Wanafukuzwa, wanarudi. Nimepanda kakao pale mara mbili, miche ikakauka yote. Hatua kumi kutoka hapo kakao inazaa vizuri. Chini yake amelala mtu, na juu yake ulimwagwa mfuko mzima wa chumvi. Basi mimi nikilisoma neno chumvi, neno kaburi linakuja lenyewe, siliiti.

Sasa unajua kwa nini. Usiulize zaidi, nakuomba. Wewe panda hadi nne, mimi nishuke hadi nne, tupatane.

Mpimaji wa 7

*

Butembo, 28 Aprili 2002

Kwa Mpimaji wa 7, ndugu yangu mpendwa,

Usishuke. Umepima vizuri kuliko mimi. Nimemwandikia Edmond: jozi ya 61, tisa, tumepatana.

Bureau inaturuhusu kupendekeza jozi mpya tano kila mmoja. Hizi ni zangu, zipime polepole, bila haraka:

sabuni – nguo
mvua – koti
kidole – mdomo
mgeni – jembe
baiskeli – Ebenezeri

Nakuombea afya njema. Naingojea barua yako kuliko unavyodhani.

Mpimaji wa 3

*

Oicha, 11 Mei 2002

Kwa Mpimaji wa 3,

Sabuni na nguo, sita. Mvua na koti, tano. Kidole na mdomo, saba, kwa sababu vyote viwili vinasema.

Mgeni na jembe, tisa. Najua utadhani ni kwa ile methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapana. Yeye alilala usiku mmoja tu, na jembe nilipewa mimi.

Baiskeli na Ebenezeri, kumi. Neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa nyuma ya baiskeli, pale alipofungia mfuko. Mtu mwingine yeyote angekupa sifuri, nawe ulijua. Nilikaa na kalamu siku mbili. Ningeweza kuandika sifuri, ukanikosa.

Sina haja tena ya namba.

Abdias, wa Mbau

*

Butembo, 13 Mei 2002

Abdias,

Mimi niliupaka ubao ule rangi. Herufi ya mwisho imepinda kwa sababu Delphin alikuwa ananichekesha.

Miaka miwili na nusu nimekuwa nikikutafuta, kumbe tunapima maneno pamoja kama watoto wa darasa moja! Nimekuita ndugu. Nimekuombea afya. 

Andika yote. Usiniletee maneno ya kanisani, wala usianze na «unajua, ilikuwa vita». Sote tulikuwa vitani. Si wote tuliuza watu.

Kavira, dada wa Delphin

*

Oicha, 27 Mei 2002

Dada Kavira,

Alifika kwangu jioni, mvua inanyesha. Nilikuwa shemasi, nyumba yangu wasafiri waliijua. Tulikula, tukaomba pamoja. Aliuliza kama njia iko salama. Nilimwambia alale bila wasiwasi.

Asubuhi askari walizunguka nyumba. Walimfunga mke wangu Bénite kamba kwenye nguzo ya jikoni. Mkubwa wao alisema: «Kuko mutu anapelekea bale ba mu pori chumvi na masasi. Tuonyeshe yeye, ao tunabeba huyu mwanamuke.» Mimi sikumjua mtu yeyote aliyewapelekea watu wa porini risasi. Haki ya Mungu sikumjua. Nilimtazama Bénite, nikainua mkono, nikasema: «Ni ule mugeni. Chini ya chumvi iko masasi.»

Delphin aliniangalia. Hakusema neno baya. Alisema tu: «Papa shemasi, mufungue mufuko baone.»

Waliupasua. Ilikuwa chumvi tupu. Hapo nilidhani watamwachia, lakini mkubwa wao alikasirika kwa sababu watu walikuwa wameanza kutazama. Walimpeleka shambani. Mimi nilipewa jembe. Walipomaliza walimwaga chumvi yote juu yake, baiskeli wakaichukua, Bénite wakamfungua.

Tangu siku hiyo niliacha ushemasi na Mbau pia. Najua unachotaka. Sitakimbia.

Abdias

*

Butembo, 5 Juni 2002

Abdias,

Mama yangu nimemsomea barua yako mara moja. Alisema kitu kimoja tu: «Kwa hiyo alikuwa amekula.» Kisha akageukia ukutani.

Sikiliza. Binamu yangu Zorobabel ana vijana porini, unajua wa namna gani. Tangu 1999 ananiambia: nipe jina tu, dada. Jina sasa ninalo. Nimeliandika kwenye karatasi, lipo chini ya cherehani yangu. Nikiinua mguu wa cherehani, umekwisha.

Hiyo ni njia moja. Ya pili ni hii. Utamfukua kaka yangu kwa jembe lilelile na kwa mikono yako, mfupa kwa mfupa, na kidole kimoja kisibaki. Utamtia katika mfuko mpya wa chumvi, utamfunga nyuma ya baiskeli, utamleta Butembo. Peke yako. Na katika kila barieri ya askari njiani, Mbau, Beni, na zote zinazofuata, wakikuuliza umebeba nini, utajibu: «Ninabeba mugeni wangu. Ni mimi nilimuonyesha kwa basoda, na hakukuwa masasi.» Maneno hayo, yote, kwa sauti. Wafanyabiashara wa njia hiyo ni wateja wangu, nawashonea suruali. Barieri moja ukiiruka nitajua kabla hujafika.

Ukifanya hivyo, karatasi nitaichoma mbele yako.

Usidhani ni huruma. Zorobabel angekumaliza kwa dakika moja. Mimi nataka useme, na useme tena, mpaka ulimi uote sugu. Wewe ndiye uliyewaambia askari kilichomo katika mfuko. Basi waambie tena.

Kavira

*

Butembo, 29 Juni 2002

Dada Kavira,

Naiweka barua hii ndani ya mfuko, maana mbele yako najua sitaweza kusema.

Amekamilika. Nilichekecha udongo siku nne kwa chekeche ya mchanga. Mbuzi walikuja wakasimama wakitazama.

Barieri zilikuwa sita. Nilisema katika zote. Ya kwanza walicheka. Ya pili walinipiga, kidole cha mkono wa kulia kimevunjika, hicho hicho. Katika moja ya Beni askari mzee alivua kofia na kunipisha. Kila mara nilidhani mara inayofuata itakuwa rahisi, lakini haikuwa.

Kabla ya kuingia Butembo vijana walitoka kwenye majani wakanisimamisha. Walikuwa na karatasi, na mwandiko ni wako. Naujua, nimeusoma miezi mitatu. Mkubwa wao aliuliza: «Ni weye Abdias?» Nikasema ni mimi. «Unabeba nini mule?» Nikamwambia. Aliugusa mfuko kwa kiganja. Kisha akasema: «Fikisha yeye kwanza. Tuko nakungojea pa kurudia.»

Sikulaumu. Uliniahidi utaichoma, na mimi nilimwambia Delphin alale bila wasiwasi.

Bénite hajui lolote. Nilimwambia nakwenda kuuza kakao. Bahasha ya orodha ya mwezi huu nimemwachia Edmond mlangoni. Jozi ya 88 sikuibadilisha. Miaka yote ile nililipwa, dada. Bénite alibaki hai, hiyo ndiyo ilikuwa bei yangu, na bado sikulala.

Abdias

*

Butembo, 2 Agosti 2002

Mama Kavira,

Pole tena kwa msiba. Mazishi yalikuwa ya heshima, watu walijaa hadi barabarani.

Nakuandikia kwa ajili ya kazi, na kwa jambo jingine. Kwanza, jozi ya 88, kisasi na usingizi, mpaka leo hamjaniletea alama moja. Wa Ulaya wanafunga orodha mwisho wa mwezi. Mashine imeweka tano, yaani haijui, inawangoja ninyi.

Pili, wa 7 hajaonekana. Mke wake, Bénite, ameniletea barua kwa mikono ya mchungaji. Anasema mumewe alikuja Butembo Juni kuuza kakao, hakurudi. Wamemtafuta Beni, hospitali, gereza, kila mahali. Familia imechoka kungoja. Jumamosi ya wiki ijayo watakata mgomba. Anauliza kama kuna mtu Butembo aliyemwona, popote pale, hata kwa mbali.

Nyinyi mliandikiana. Labda alikuambia kitu.

Edmond

*

Butembo, 6 Agosti 2002

Bwana Edmond,

Aliniambia. Naambatanisha barua zake zote. Fungua mara hii, usome.

Siku ile alipofika alikabidhi mfuko kwa mikono miwili, hakutaka kuingia ndani. Nilikuta barua yake juu ya mifupa. Nilipomaliza kuisoma, yeye alikuwa bado kwa jirani, ng'ambo ya barabara, ameomba maji. Nilimwona dirishani akinywa. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Ningeweza kumwita. Ningeweza kumwambia apite njia ya Kyondo, au alale kanisani, au nimtume mtu kwa Zorobabel. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikamtazama mpaka akarudisha kikombe, akashika baiskeli, akaondoka. Nilifurahi, Edmond. Nataka ulijue hilo. 

Karatasi niliipeleka siku tatu kabla hajafika. Ahadi ya kuichoma niliiandika nikijua ni ya uongo.

Tulifukua ule mgomba wa 1999 ili tumlaze Delphin mahali pake. Ulikuwa umeoza ukawa maji, kulibaki koti na vifungo. Mama alihesabu vifungo, akavitia mfukoni. Jioni yake aliomba chumvi. Alijitilia mwenyewe kwenye sombe, akala sahani nzima, akalala fofofo, na hadi leo analala vizuri.

Mimi sijalala. Wiki tano. Nikifumba macho namwona akinywa maji. Nilidhani ni uchovu wa msiba, nikadhani ni kahawa, nikaacha kahawa. Nimepata nilichokitaka chote, hakuna kilichopungua, na usingizi ninaoupata ni wa vipande vipande tu. Kwa hiyo jozi ya 88 andika moja. Alipima vizuri, na alikuwa amepima kabla yangu.

Sasa Bénite. Zorobabel ameniambia mahali, nilimlazimisha. Ni karibu na mto, kuna mti uliopigwa radi, siwezi kupakosea. Jumatatu naondoka na baiskeli na mfuko mpya. Nitachimba mwenyewe. Barieri ni sita, nitapita zote, na wakiniuliza ninabeba nini nitawajibu. Na Bénite akiniuliza mimi ni nani, nitampa jina langu, na la baba yangu, na nyumba ninamokaa. Atafanya atakavyo.

Mpelekee habari haraka, kabla ya Jumamosi. Si lazima umweleze yote. Mwambie tu asikate mgomba.

Kavira